Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani: Mambo ya Kufundishana Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Karatasi ya kuruhusiwa hospitali huandikwa kwa dakika chache: jina la ugonjwa, orodha ya vidonge, tarehe ya kurudi kliniki, na chini kabisa maneno machache kama apunguze chumvi, apumzike, anywe dawa kila siku. Mgonjwa aliyeletwa amevimba miguu na hawezi kulala chali anaondoka kwa miguu yake. Ndugu wanamshukuru Mungu, wanapanda gari kurudi Ipinda, Ngonga, Mwaya au Matema. Wiki chache baadaye yupo tena wodini, amevimba vilevile na pumzi inamkatika. Watu husema ugonjwa umerudi. Ukweli ni kwamba haukuwa umeondoka. Hospitali ilimpunguzia maji yaliyojaa mwilini, lakini nyumbani hakuna aliyeelezwa namna ya kuyazuia yasijae upya.

Katika ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, sehemu kubwa ya tiba hufanyika nyumbani, tena mikononi mwa watu wasiovaa koti jeupe: mke anayepika, kijana anayetumwa duka la dawa, mjukuu anayejua kusoma. Mafundisho yasiyowafikia hao ni nusu ya dozi. Makala haya yanawalenga wao, mgonjwa mwenyewe, na wauguzi wanaowaaga wagonjwa mlangoni.

Ugonjwa wenyewe

Moyo kushindwa kufanya kazi hakuna maana kwamba moyo umesimama. Maana yake ni kwamba umedhoofika au umekakamaa, hivyo hausukumi damu ya kutosha. Figo zikipata damu kidogo huanza kubana chumvi na maji, na maji hayo hutafuta pa kukaa, kama jaruba la mpunga ambalo mfereji wake wa kutolea umezibwa. Yakikaa miguuni, viatu havivaliki. Yakikaa tumboni, mtu hushiba kwa tonge mbili. Yakikaa kwenye mapafu, usiku hawezi kulala bila kuegemea mito, na hukohoa sana akilala.

Kikohozi hicho huwapotosha wengi. Mtu hutibiwa nimonia, halafu pumu, halafu hupimwa makohozi kwa kuhofia kifua kikuu, na miezi inapita. Wengine huona uvimbe wakasema amerogwa au amekanyaga kitu kibaya. Mwenye kikohozi kisichosikia dawa, miguu inayobonyea ukiiminya kwa kidole, na pumzi inayokatika akilala, apimwe moyo. Kipimo cha eko, kinachoonyesha kwenye skrini jinsi moyo unavyopiga, ndicho kinachoweza kuonyesha tatizo lilipo.

Chanzo kikubwa kwetu ni presha. Mwaka 2012 na 2013 madaktari wa Muhimbili, wakiongozwa na Abel Makubi, walifuatilia wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi. Karibu nusu yao, asilimia 45, walifikishwa hapo na presha ya kupanda. Wengine walikuwa na misuli ya moyo iliyodhoofika, na wengine moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 55, wakati huko Ulaya na Marekani ugonjwa huu hupatikana zaidi kwa watu wa miaka 70 na kuendelea. Kwetu unampata mtu ambaye bado analima mpunga, bado anakausha kakao, bado anasomesha.

Wapo pia akina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi michache baada ya kujifungua. Kuvimba miguu kwa mjamzito ni jambo la kawaida, lakini kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi si la kawaida. Mama aliyepata tatizo hili asibebe mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari, na atumie uzazi wa mpango kwa ushauri wake. Baadhi ya dawa za moyo, zikiwamo enalapril, captopril na losartan, humdhuru mtoto aliye tumboni.

Saa moja ya kufundishwa

Je, mafundisho yanasaidia kweli, au ni maneno tu? Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa wagonjwa 223. Nusu waliruhusiwa kwa utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine walikaa na muuguzi saa moja zaidi kabla ya kuondoka, mgonjwa mmoja na muuguzi wake, wakielezwa ugonjwa, chumvi, uzito na dawa. Katika miezi sita iliyofuata, hatari ya kulazwa tena au kufa ilipungua kwa asilimia 35 kwa waliofundishwa. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kilichoongezwa ni saa moja ya mtu kuzungumza na mtu.

Wodi zetu zina wagonjwa wengi na wauguzi wachache, na saa moja ni nyingi. Lakini hata dakika 15 zinatosha kama zitatumika vizuri. Kwanza, aitwe mtu anayepika nyumbani. Kumweleza mzee habari za chumvi wakati yeye hajawahi kushika mwiko ni kupoteza muda. Pili, bibi asiyekielewa vizuri Kiswahili cha hospitali aelezwe kwa Kinyakyusa na mtu anayekijua. Tatu, mgonjwa asiulizwe "umeelewa?" kwa sababu jibu la adabu ni "ndiyo" siku zote. Aombwe aeleze mwenyewe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nimesema mengi, na huenda sikueleza vizuri. Hebu nisimulie: kesho ukiamka pale nyumbani, utaanza na nini?"

"Nitakunywa dawa."

"Kabla ya dawa?"

"Aa, nitakwenda haja ndogo, halafu nipande kwenye mizani."

"Mizani ikionyesha umeongezeka kilo mbili tangu juzi?"

"Nitapumzika mpaka siku ya kliniki."

Hapo ndipo muuguzi anapogundua shimo ambalo "ndiyo" ingelifunika. Anarudia kwa upole: kilo mbili ndani ya siku tatu si za kungojea kliniki, ni za kwenda kituoni siku hiyohiyo. Kisha anauliza tena, mpaka mzee aseme mwenyewe. Ndugu aliyepo anaweza kumfanyia mgonjwa zoezi hilo hilo jioni nyumbani.

Mizani ni mlinzi

Maji huonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo mbili kwa siku mbili au tatu hakunenepa. Chakula hakiwezi kumnenepesha hivyo kwa muda mfupi kiasi hicho. Hayo ni maji.

Kanuni za kupima ni chache: kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, kwenye mizani ileile. Mizani mbili tofauti hazipatani, hivyo usilinganishe ya zahanati na ya jirani. Siku ya kwanza baada ya kutoka hospitali, uvimbe ukiwa umekwisha, andika uzito huo kwa herufi kubwa. Ndio uzito wako wa kukulinganishia.

Kwa ukoo wenye uwezo wa kuchangishana, mizani ndogo ya kusimamia ni mchango bora kuliko soda na biskuti za kumtazama mgonjwa. Asiyekuwa nayo asikate tamaa. Kyela ni nchi ya mpunga na kakao, na penye mpunga na kakao pana mizani. Mashine za kukoboa na maghala ya vyama vya ushirika yana mizani za kupimia magunia, na mwenye mashine hawezi kumnyima mgonjwa dakika moja asubuhi. Pima hapo mara mbili au tatu kwa wiki, ukiomba mizani ileile kila mara.

Kama hata hiyo iko mbali, tumia mwili. Chukua uzi, uzungushe kwenye kifundo cha mguu asubuhi, funga fundo mahali unapokutana, uutundike ukutani. Kesho yake uzungushe tena palepale. Fundo likishindwa kufika, mguu umeongezeka. Hesabu pia mito: aliyekuwa analala na mmoja akihitaji sasa miwili au mitatu, au akiamka usiku kukaa kitandani akitafuta hewa, hali imebadilika hata kama miguu ni myembamba.

Yaandike haya kwenye daftari la shule. Mistari minne inatosha kwa siku: tarehe, uzito au fundo, idadi ya mito, dawa zilizonywewa. Mzee asiyeona vizuri amkabidhi mjukuu wa darasa la nne kazi hiyo. Ukienda kliniki, nenda nalo. Daktari akiliona ataelewa kwa dakika moja mambo ambayo mgonjwa angeyasimulia kwa nusu saa na kuyasahau nusu yake.

Chumvi: ipimwe kwa pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, hesabu ikijumuisha chumvi ya kila chakula. Tatizo ni kwamba hakuna mama anayepika kwa kijiko cha chai kwa kila mtu. Anachota kwa vidole, anatia sufuriani.

Kwa hiyo tumia hesabu ya pakiti. Chukua familia ya watu 6. Gramu 5 kwa kila mmoja ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500, kwa hiyo inapaswa kudumu siku 16 au 17. Pakiti mpya ikifunguliwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha kwa wiki moja, kila mtu nyumbani anakula karibu gramu 12, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Hapo si mgonjwa peke yake aliye hatarini. Presha iliyomfikisha baba hapo inaandaliwa kwa watoto katika sufuria hiyohiyo. Ndiyo maana si busara kumpikia mgonjwa chungu chake cha adhabu. Familia nzima ipunguze polepole, na baada ya wiki tatu au nne ulimi utakuwa umezoea.

Hesabu hiyo haijagusa chumvi iliyojificha. Usipa wakavu na samaki wengine wa kukausha mara nyingi hupitishwa kwenye chumvi kabla ya kuanikwa. Mgonjwa apewe samaki wabichi, na ziwa liko mlangoni. Ikiwa ni lazima ale wakavu, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, rudia, ndipo upike bila kuongeza chumvi. Magadi ya kulainishia maharage na mboga ni sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, kwa jina lingine. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu vimejaa chumvi. Vivyo hivyo supu ya hotelini, chipsi, mihogo ya kukaanga, na embe bichi la kuchovya.

Nini kitie ladha? Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, pilipili, bizari, majani ya giligilani. Wali wa mchele wa Kyela una harufu yake, hauhitaji chumvi wala mafuta mengi. Ndizi za mbalaga zipikwe kwa nyanya na vitunguu vya kutosha, chumvi itiwe mwisho kabisa baada ya kuonja.

Tusiende kupita kiasi, hata hivyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa 806 wa nchi 6, ulionyesha kwamba kubana chumvi mpaka chini sana hakukupunguza vifo wala kulazwa kuliko ushauri wa kawaida, ingawa wagonjwa walijisikia nafuu kidogo. Lengo ni kijiko kimoja. Mgonjwa anayekosa hamu na kukonda kwa sababu chakula hakiliki, naye yuko hatarini.

Neno moja kuhusu ndizi, maana huwezi kumshauri Mnyakyusa bila kuzitaja. Ndizi, maharage na parachichi vina potasiamu nyingi. Kwa wengi hilo ni jema. Lakini anayetumia spironolactone pamoja na enalapril au losartan, hasa mwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kupanda mpaka ikavuruga mapigo ya moyo. Usiache ndizi kwa kusikia hivi. Omba upimwe damu, na kamwe usinunue chumvi mbadala inayotengenezwa kwa potasiamu.

Maji na joto la bondeni

Wengine huambiwa wanywe maji kidogo, kwa kawaida lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Agizo hilo ni la wenye hali mbaya zaidi, si la kila mgonjwa. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2025 ulilinganisha wagonjwa waliotulia, baadhi wakibana maji na baadhi wakinywa watakavyo. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti kubwa ya hali zao, isipokuwa waliobana walikuwa na kiu zaidi. Kama daktari hakukuagiza, usijitese kwa kiu katika joto la Kyela.

Kama amekuagiza, tumia chupa ya lita moja na nusu. Ijaze asubuhi. Kila unapokunywa chai, uji au supu, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, siku yako imeisha. Kiu ikizidi, sukutua mdomo au nyonya kipande cha ndimu.

Siku ya kuharisha au kutapika ni habari nyingine. Mwili umepoteza maji, na kidonge cha kukojoza kinaendelea kuyatoa, hivyo figo zinaweza kuumia. Usikae nyumbani ukimeza dawa kama kawaida. Nenda zahanati siku hiyohiyo, useme wazi kwamba una ugonjwa wa moyo na unatumia dawa gani.

Vidonge na sababu za kweli za kuviacha

Mgonjwa mmoja anaweza kupewa vidonge vya aina nne: cha kukojoza maji kama furosemide, cha kulegeza mishipa kama enalapril au losartan, cha kutuliza mapigo kama carvedilol, na spironolactone. Cha kukojoza kinampa nafuu ya haraka. Vingine vinaulinda moyo kwa miezi na miaka, na mtu havihisi vikifanya kazi. Ndiyo maana huachwa vya kwanza. "Nimepona, kwa nini niendelee?" Unajiona umepona kwa sababu unavinywa.

Sababu nyingine ni ya aibu ndogo. Kidonge cha maji kinamfanya mtu akojoe mara kwa mara kwa saa kadhaa. Anayesafiri kutoka Matema kwenda Kyela mjini, amebanwa kwenye gari lililojaa, hawezi kumwambia dereva asimame kila kilomita tano. Kwa hiyo siku ya safari hanywi. Siku ya ibada hanywi. Siku ya msiba, ambapo pia chakula kina chumvi, hanywi. Kwa wiki moja anaweza kuruka mara tatu. Suluhisho ni kusogeza saa, si kuruka. Ukifika mapema alasiri, kinywe hapo. Thibitisha hili na daktari wako mara moja, kisha liwe utaratibu.

Sababu ya tatu ni fedha. Watu hununua vidonge vya siku tatu, wakisubiri kuuza debe la mpunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha umaskini vilevile. Mwambie daktari: "Dawa hizi siwezi kuzinunua zote." Mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile, na yeye ndiye anayejua ipi isiachwe kabisa. Kuacha carvedilol ghafla, kwa mfano, ni hatari. Ukiwa na nafasi ya kujiunga na bima ya afya, jiunge kabla hujazidiwa.

Nne, mvua. Wilaya ya Kyela hupata mvua nyingi mno, na Machi hadi Mei mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika, barabara zikakatika. Kwa walio Ikombe na vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone, ziwa likichafuka mtumbwi hauendi. Mwishoni mwa Februari kila mgonjwa awe na akiba ya dawa ya mwezi mmoja zaidi ya anayotumia, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu, mbali na maji.

Usitupe karatasi la vidonge vilivyokwisha. Nenda nalo dukani, kwa sababu rangi ya kidonge hubadilika kwa kila kiwanda, lakini jina la dawa halibadiliki. Na ukiumwa mgongo baada ya shamba, usimeze diklofenaki wala ibuprofen. Dawa hizo hufanya figo zibane maji, na zimewarudisha wengi wodini. Parasetamoli inafaa, lakini si ile ya kuyeyuka kwenye maji ikitoa povu, maana ina sodiamu. Kikohozi kikavu kilichoanza baada ya enalapril kinaweza kuwa kimetokana na dawa hiyo. Mwambie daktari akubadilishie, usiiache kimyakimya.

Kuhusu mitishamba na maombi: omba, na meza dawa. Tunakumbuka mwaka 2011 maelfu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba. Wapo walioacha vidonge vyao kwa kuamini wamepona, na walioumia ni wao. Ukitumia mzizi wowote, utaje kliniki bila kuogopa kukaripiwa.

Kazi, pombe na tumbaku

Kupumzika hakuna maana ya kulala mwaka mzima. Mgonjwa aliyetulia anahitaji kutembea kila siku, aanze na dakika tano au kumi, aongeze polepole. Kipimo chake ni mdomo: kama anaweza kuzungumza na mwenzake wakati anatembea, mwendo unafaa. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Baiskeli katika tambarare ya Kyela ni zoezi zuri akishapata nguvu. Kuvuta nyavu, kubeba gunia, kubeba ndoo kichwani kutoka mbali na kupura mpunga juani vingoje ruhusa. Wanaume wengi huumia zaidi kwa kuonekana wamekaa kuliko kwa ugonjwa. Wapewe kazi yenye heshima: kusimamia uanikaji wa kakao, kuandika mahesabu, kuchagua mbegu.

Pombe hudhoofisha misuli ya moyo, iwe bia ya chupa, kimpumu au gongo. Ambaye moyo wake umeharibiwa na pombe aache kabisa, na wengine wote salama yao ni kuacha pia. Sigara na ugoro navyo viachwe.

Lini kungoja, lini kukimbia

Ukiongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, fundo likikataa kufika, mito ikiongezeka, kikohozi cha usiku kikianza, au ukipata kizunguzungu ukisimama, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiwahi mapema, kurekebishiwa kipimo cha kidonge kunaweza kutosha.

Pumzi ikikatika ukiwa umekaa tu, maumivu makali ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa, au makohozi ya povu lenye rangi ya waridi: hiyo ni dharura, usiku au mchana. Mkalishe mgonjwa wima, miguu ikining'inia, usimlaze. Ondokeni.

Usafiri upangwe kabla ya siku hiyo. Namba ya bodaboda anayekubali kuamshwa usiku, namba ya mwenye gari, na kwa wa pwani mwenye boti yenye injini, ziandikwe ukutani. Iandikwe pia hospitali ipi iko karibu, ya Matema au ya wilaya Kyela, na fedha ya akiba iko wapi. Rufaa ikihitajika kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100, na kwa matatizo makubwa zaidi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, ambayo madaktari wake pia huzunguka mikoani. Ulizia hospitali ya wilaya lini wanakuja karibu.

Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao wa kitaifa Januari 2024. Aliyepo kijijini kwako mjulishe kwamba nyumbani kwako kuna mgonjwa wa moyo. Akipita mara moja kwa wiki akaangalia daftari na miguu, amefanya kazi kubwa.

Kabla hujatoka wodini

Kwa ndugu waliomsindikiza mgonjwa, msiondoke hospitali bila majibu ya maswali haya sita. Moyo wake una tatizo gani, na limetokana na nini? Uzito wake leo ni kilo ngapi? Kila kidonge ni cha nini, na kipi hakipaswi kukosekana hata siku moja? Anywe maji kiasi gani? Dalili gani zitulete haraka? Atarudi lini, na damu itapimwa lini? Muuguzi akiwa na haraka, ulizeni kwa upole na msiondoke. Ni haki yenu.

Na kwa wauguzi na madaktari wa Kyela, Matema na Mbeya: saa moja ya Michigan iliwafaa watu wenye magari na barabara za lami. Kwetu mgonjwa akizidiwa hutegemea mtumbwi na bodaboda, kwa hiyo mafundisho hayo yana thamani kubwa zaidi. Mwiteni mpishi. Mwacheni mzee aeleze mwenyewe. Andikeni uzito kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Hayo matatu hayahitaji bajeti, na yanaweza kuanza kesho asubuhi.